Kabla Hujainua Landrover Yako, Nunua Kipimajoto

Leo nitawaudhi watu. Nimekaa kimya muda mrefu nikiwatazama vijana wenzangu wa Nairobi wakinunua Landrover kuukuu kisha kuzivisha mapambo ya malaki ya shilingi, nikasema moyoni haya yatapita. Wapi! Kila nikiingia kwenye maegesho ya ofisini naona nyingine imeongezeka: imeinuliwa kama mlingoti, imevishwa matairi ya trekta, juu ya paa ina taa za kutosha kuchezea mechi usiku. Na chini yake? Oili inadondoka, tone... tone... tone.

Basi nasema wazi. Vitu vingi tunavyouziwa kwa jina la kuboresha gari la porini hulidhoofisha gari hilo, na kadiri gari lilivyo kuukuu ndivyo madhara yanavyozidi. Vile vinavyolisaidia kweli ni rahisi, havionekani, na hakuna anayekusifu ukivifunga. Ndiyo maana hakuna anayevinunua.

Tuchukue gari moja ili tusibishane hewani: Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, la kati ya mwaka 1994 na 1998. Injini ya dizeli ya lita 2.5, farasi 111 siku ilipotoka kiwandani, na uzito wa juu unaoruhusiwa pamoja na mzigo ni kilo 3,050. Farasi 111 kuvuta tani tatu! Na farasi hao sasa wana zaidi ya robo karne, wengine wao walishazikwa kitambo. Mwenye Land Cruiser au Pajero ya zamani asijitoe, hesabu ni zile zile, namba tu ndizo zinabadilika.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Katika kazi hii, programu ikianza kwenda polepole, mgeni hukimbilia kuandika upya ile sehemu anayoichukia. Mzoefu hafanyi hivyo. Anapima kwanza muda unapotelea wapi, na mara nyingi anakuta tatizo liko mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Sasa niambie: ni nani kati yenu aliyepima chochote kabla ya kuagiza springi za kuinua gari? Ulijuaje kwamba shida yako ni urefu?

Tuanze na matairi, maana hapo ndipo watu wanapopotelea. Defender 110 hutumia 7.50R16 au 235/85R16. Namba zisikutishe. 235 ni upana kwa milimita, ukuta wa tairi ni asilimia 85 ya upana huo, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu mwenyewe: 235 mara 0.85 ni karibu 200, mara mbili ni 400, ongeza milimita 406 za rimu, unapata kama 806. Tairi ya inchi 35, ile ya kuringia, ni milimita 889. Umeongeza kipenyo kwa asilimia 10 hivi.

Umepata nini? Ekseli imepanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 41. Vidole viwili! Umetoa nini? Kwanza, kila gia yako imekuwa ndefu kwa asilimia 10, kwa hiyo wale farasi 111 wanapanda mlima kana kwamba wameongezewa mzigo. Pili, spidomita inakudanganya: ikisema 100, wewe unakwenda 110. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, breki. Pedi ni zile zile na mguu wako ni ule ule, lakini gurudumu limekuwa mkono mrefu zaidi wa kushindana nazo. Kwa kukanyaga kule kule, nguvu ya kusimamisha gari pale tairi linapogusa barabara hupungua kwa karibu asilimia 9. Tena sijahesabu kwamba tairi lenyewe ni zito zaidi na likishika kasi ni gumu zaidi kulituliza.

Halafu springi ndefu. Nitazipa haki yake: zinakupa nafasi ya tairi kubwa, na pua ya gari haigongi haraka unapoingia korongoni. Lakini watu wanaamini kwamba zinaliinua gari lote kutoka kwenye mawe. Haziliinui! Difu liko ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na magurudumu. Inua bodi milimita 50, inua 100, difu linabaki pale pale lilipokuwa, na jiwe lililokuwa likiligonga litaendelea kuligonga. Kilichopanda ni wewe, abiria wako na mizigo yako, yaani kila kitu ambacho kinafaa kikae chini ili gari lisipinduke.

Isitoshe, ukiinua bodi, propela ya mbele inakaa kwa pembe mbaya na kuanza kutetemeka. Ekseli ya mbele inazunguka kidogo, na usukani unapoteza ile tabia ya kurudi katikati, gari linatangatanga barabarani kama mlevi. Muuzaji anajua. Wiki ya pili anakuuzia mikono ya kurekebisha pembe, ya tatu propela mpya, ya nne mipira mirefu ya breki. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: unaweka kifurushi kimoja kidogo, kinadai vingine kumi, na kila kimoja kina hitilafu zake. Tofauti ni kwamba programu ikianguka unaiwasha tena.

"Lakini magari ya Rhino Charge yameinuliwa!" Ndiyo, na ninayapenda. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, na yana sifa zake. Ila angalia yanachopima: mshindi ni anayepita vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kabisa. Watu wanakata moja kwa moja juu ya majabali, wakiwa na kikosi cha wasaidizi na mafundi wanaowasubiri kambini. Wewe Jumapili jioni unarudi mjini na watoto wamelala kiti cha nyuma. Kumuiga yule ni sawa na kuvaa viatu vya mpira vyenye meno kwenda kanisani.

Kuna jibu nalijua linakuja: gari ni langu, pesa ni zangu. Pesa sawa. Lakini tangu lami ifike Moyale katika miaka ya 2010, safari ya kaskazini si ile ya zamani ya kujikokota kilomita 30 kwa saa. Gari hilo hilo la kupanda majabali sasa linakimbia kwa mamia ya kilomita kwenye lami nyeusi, limejaa watu, na ngamia wanavuka bila kuuliza. Ile asilimia 9 ya breki si yako peke yako. Ni ya mama aliyekaa nyuma na debe la maziwa, na ya mchungaji anayekimbilia mnyama wake. Hao hukuwauliza ulipokuwa ukichagua matairi.

Sasa niseme pesa ziende wapi.

Gari hili haliuawi na mawe. Linauawa na joto. Hedi ya silinda ya 300Tdi ni ya alumini, ikichemka sana inapinda au kupasuka, na hapo umeagana na injini. Jambo baya zaidi ni kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi husoma maji. Maji yakiisha, unasoma hewa! Unaweza kupanda mlima mzima ukiutazama mshale umetulia katikati kama mzee kibarazani, kumbe injini inakaangika. Hiki ndicho kifaa ambacho watu wanakiamini kuliko mama zao.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni kengele ya maji kupungua. Si kitu cha ajabu. Vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu ndani ya tangi la akiba la maji. Maji yakiwepo, umeme kidogo unapita kati yake. Yakishuka chini ya vijiti, mkondo unakatika na kengele inalia kabla hujaharibu chochote. Zinauzwa tayari, lakini kama unasoma kurasa hizi unaweza kuitengeneza kwa Arduino au ESP32 na jioni mbili za uvumilivu. Usipitishe umeme muda wote, vijiti vitalika. Washa kwa sekunde moja, soma, zima, pumzika sekunde kumi. Ongeza kipimajoto cha DS18B20, kile cha waya chenye kichwa cha chuma, ukibane kwa nje kwenye nyumba ya thamostati. Kinasoma hadi nyuzi 125, kinatosha. Na tafadhali weka kidhibiti kizuri cha umeme na fyuzi, maana umeme wa gari kuukuu ni mchafu, alteneta ikishtuka inaweza kuchoma kijisanduku chako chote.

Cha pili ni vizibo. 300Tdi ina vizibo vya plastiki, kimoja juu ya nyumba ya thamostati na kingine juu ya rejeta. Plastiki ya miaka yote hiyo, iliyopikwa na kupoa mara maelfu! Vipo vya shaba ya njano, bei yake haifiki hata robo ya tairi moja. Nilivitafuta katika duka moja la vipuri hapa mjini, muuzaji akacheka, akanionyesha taa za LED.

Mkanda wa taimingi nao. Baadhi ya injini za mwanzo zilikuwa na puli zisizokaa sawa, mkanda ukawa unaliwa pembeni kabla ya wakati wake, hadi Land Rover wenyewe wakatoa vifaa vya marekebisho. Je, gari lako lilifanyiwa? Hujui? Basi hayo ndiyo maboresho yako ya mwaka huu, hata kama hakuna picha ya kupiga.

Kuhusu mito na maji nitasema kidogo. Lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo nalitetea, lakini kwa sababu ya vumbi, hewa ya juu ni safi zaidi ukiwa nyuma ya lori. Haligeuzi gari kuwa mashua. Kina kilichoidhinishwa na kiwanda ni milimita 500, chini ya magoti ya wengi wetu au pale pale. Kinachosahaulika ni mirija ya kupumulia ya ekseli. Ekseli ikiwa moto kisha ikatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Oili inageuka uji wa maziwa. Mita chache za mpira, uzipandishe hadi juu karibu na injini, kazi imekwisha.

Taa? Kabla ya kununua balbu za ajabu zinazompofusha dereva mwenzako, pima volti kwenye taa zenyewe zikiwa zimewaka. Katika gari hili umeme wa taa unazunguka kupitia swichi na waya nyembamba zilizochoka. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti, inapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Rilei mbili na waya nene kutoka kwenye betri, na taa ulizozitukana zitakushangaza.

Matairi bado nayapenda, ila kwa kipimo cha kiwandani: 235/85R16 yenye kuta ngumu, mapya, si yale ya miaka tisa yaliyopakwa rangi nyeusi. Pamoja nayo pampu ya upepo. Ukiacha lami pale Laisamis kuelekea Loiyangalani una zaidi ya kilomita 200 za changarawe, barabara imejikunja kama bati la paa. Punguza upepo kama robo hivi, nenda taratibu, na shoki zako zitafika. Ukifika lami, jaza tena, usiwe mvivu. Hakuna springi za bei yoyote zinazoweza kukupa tofauti hiyo bure.

Na paa liache wazi. Madebe manne ya lita 20 ya dizeli ni kama kilo 80, hema la juu, gurudumu la akiba, jiko, na ghafla umembeba ng'ombe mdogo kichwani. Dizeli ikae chini, ndani ya tangi la ziada.

Wataniuliza winchi. Kama unasafiri peke yako kwenye tope la Mau mwezi wa Aprili, nunua, na ujifunze kuitumia mbele ya mtu anayejua, maana waya ukikatika hauchagui. Kama unasafiri na gari la pili, kamba nzuri ya kuvutia, koleo na mbao mbili vitakutoa mara nyingi kuliko unavyodhani, na bila kuongeza uzito wa chuma kwenye pua ya gari ambalo tayari linahema.