Kadi Haipigwi Ngumi

Mpenzi msomaji, najua kwamba baadhi ya wenzangu wakiliona jina la makala haya wataguna na kusema, "Huyu naye na kompyuta zake!" Guneni tu. Nina neno la kutetea na sitalimeza. Katika shule yetu tunaharibu kompyuta kwa nguvu, kisha tunazifungia kwa woga, na mambo haya mawili yana mzizi mmoja: hatujui ni kwa nini kadi hukataa kuingia mahali pake.

Wengi mnakumbuka yaliyotokea muhula wa pili. Chama chetu cha kompyuta kilipewa mashine tano kuukuu na ofisi moja ya mjini. Tukaambiwa tuzifungue, tuchague vipuri vizima, tuunde mbili zinazofanya kazi. Furaha iliyoje! Tulifungua zote kwa alasiri moja. Bodi mama tukazipanga juu ya meza, kadi tukazifunika kwa magazeti, na skrubu zote pamoja na viguzo vidogo vya shaba vinavyoibeba bodi mama tukavimwaga katika mkebe mmoja wa kakao. Likumbuke jambo hilo la mkebe, msomaji, maana nitalirudia.

Siku ya kuunganisha ilipofika, kila kitu kilikwenda sawa mpaka tulipofika kwenye kadi ya picha. Ilikuwa imeshikwa na kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mpole kama maji ya mtungi. Aliisukuma, ikaingia nusu. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akairudisha. Ikagoma tena. Meno yake ya dhahabu yalibaki juu ya sloti kwa unene wa njiti ya kiberiti. "Sukuma bwana, wacha uoga!" akafoka ndugu mmoja wa kidato cha nne. Kisha bila hata kuinama atazame, akaipiga kwa ngumi kutoka juu. Ta! Sote tukasikia. Ncha ya ile sloti ikapasuka, na tulipowasha umeme mashine ikalia mlio mmoja mrefu na mifupi miwili, skrini ikiwa nyeusi tititi.

Mwenye ngumi akanyamaza. Aliyekuwa ameishika kadi ndiye aliyeandikwa jina. Akatumwa nyumbani kuleta pesa za kulipia, akakosa masomo siku tatu, na stoo ikafungwa kwa kufuli mpaka leo.

Sasa sikilizeni jinsi kadi inavyokaa, ndipo mtajua kama haki ilitendeka. Kadi ya nyongeza, iwe ya picha, ya sauti au ya mtandao, hushikwa mahali pawili. Chini ina meno yanayoingia katika sloti ya bodi mama. Nyuma ina bati lililosimama wima, ambalo sehemu yake ya juu imekunjwa ili ilalie ukingo wa kasha na kufungwa kwa skrubu. Kwa hivyo kadi ina mabwana wawili, bodi mama na kasha. Wakikubaliana, kadi huingia kwa kidole gumba tu. Wasipokubaliana, kadi ndiyo inayoumia, na wewe unayetazama juu unadhani ina ukaidi.

Mabwana hao si kwamba hawajawekewa sheria. Mwaka wa 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo vinavyoitwa ATX. Bodi mama kamili ina milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu yana mahali pake, na kati ya sloti moja na nyingine ni milimita 20.32. Ndiyo maana kasha lililotengenezwa na kiwanda kimoja hupokea bodi ya kiwanda kingine. Lakini sheria ikiandikwa karatasini, mkono wa mfungaji unaweza kuivunja. Kiguzo kikiwa kifupi, bodi hushuka. Bodi ikishuka, bati la kadi hugusa ukingo wa kasha kabla ya meno kufika chini. Hapo hata ukipiga ngumi mia, kadi haina pa kwenda. Itakachofanya ni kulala upande na kuipasua sloti.

Haya sikuyajua siku ile. Sisi wa kutwa tuna faida moja ambayo wenzetu wa bweni hawana: jioni tunapita sokoni. Kuna fundi wa kompyuta ambaye kibanda chake kiko njiani kwangu, nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kijana, nyinyi mlikuwa mnagombana na kadi, na shida haiko kwa kadi. Hizo viguzo mlitoa wapi?" Nikamwambia habari ya mkebe. Akatikisa kichwa. Akachukua viguzo viwili kutoka kwa droo yake, akavisimamisha juu ya meza. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko mwenzake, si kwa kiasi kikubwa, lakini kilizidi. "Kila kasha na viguzo vyake. Ukichanganya, bodi inakaa kama kitanda cha mguu mmoja mfupi."

Waama, usiku huo sikulala vizuri. Aliyeleta ule mkebe wa kakao ni mimi. Aliyesema tumwage vyote humo ili visipotee ni mimi. Na aliyekuwa nyumbani akimwomba mamake pesa ni mtoto wa kidato cha kwanza ambaye kosa lake lilikuwa kuishika kadi kwa adabu.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta nikaungama. Kwa hisani yake alinipa nusu saa, naye akiwa amesimama kando. Nilitoa bodi iliyopasuka, nikapima viguzo kwa rula. Vitatu upande wa sloti vilikuwa vifupi. Nikaweka vya urefu mmoja, nikalaza bodi nyingine, na hapo nikafuata utaratibu wa fundi: skrubu zote zitiwe lakini zisikazwe. Matundu ya bodi ni mapana kidogo kuliko skrubu, kwa hivyo bodi huweza kusogea. Ukikaza kabla ya kutia kadi, umeifunga ikiwa imekaa upande na huna tena nafasi ya kuisahihisha. Tia kadi kwanza, ione mahali pake, funga bati lake kwa wepesi, halafu ndipo ukaze bodi, skrubu moja hapa, nyingine kwa mkabala.

Kadi iliingia. Lakini nilipoanza kukaza skrubu ya bati, niliona ncha ya mbele ya kadi ikiinuka kutoka kwenye sloti kama ubao wa pembea. Mwalimu mwenyewe akainama kutazama. Tukagundua kwamba lile bati jembamba la nyuma, lenye matundu ya kibodi na nyaya nyingine, lina vidole vya chuma vinavyosukuma bodi ndani. Bodi ikisogezwa mbele, bati la kadi halifiki kwenye tundu lake, na skrubu inapolivuta nyuma inainua kadi. Tukaisukuma bodi kuelekea nyuma kwa kiganja, tukakaza tena. Kadi ikatulia. Tulipowasha umeme, skrini ikaleta maandishi. Nilitamani yule mtoto angekuwapo.

Kwa kifupi, pia bati la kadi lenyewe huweza kupinda. Hilo hunyooshwa kwa koleo, baada ya kulifungua kutoka kwa kadi, si likiwa bado limeshikana nayo. Na zipo kadi zenye bati fupi kwa makasha membamba. Hizo ukizitia katika kasha kubwa hazitafika popote hata ukilia.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kwanza, umeme unaua. Ni kweli, na sichezi na neno hilo. Lakini kazi hii yote hufanywa waya ukiwa umechomolewa ukutani, na yule fundi alinifundisha kugusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi ili umeme tuli wa mwilini usiiharibu. Kisanduku cha umeme chenyewe hatukifungui asilani. Pili, wanafunzi wataiba vipuri. Basi viandikwe daftarini, kama vile tunavyoandika chupa za maabara ya kemia. Mbona asidi tunapewa? Tatu, na hili ndilo husemwa sana, kwamba hayamo katika mtihani. Tunajitayarisha kwa karatasi ya vitendo kwa lahajedwali na hifadhidata, sikatai. Lakini mtu aliyejaza lahajedwali miaka minne, na hajawahi kuona kile kinachoihifadhi, ni kama dereva asiyejua kufungua boneti. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Shule inayochelea kuharibikiwa na kadi moja itakuwa ikimwita fundi wa mjini kila muhula, na fundi huyo haji bure.

Na nyinyi ndugu zangu wa vidato vya juu, ninawaomba msinichukie. Kuna tabia hapa kwetu kwamba mwenye nguvu ndiye mjuzi. Mlango ukigoma, teke. Dawati likigoma, teke. Kadi ikigoma, ngumi. Kisha kikivunjika, mdogo ndiye aliyekuwa amekishika. Jambo hili linaniudhi kuliko sloti iliyopasuka.

Ninaomba mambo mawili, na ninayaomba kwa heshima. La kwanza, zile pesa alizolipa kijana wa kidato cha kwanza zirudishwe kwa mamake. Mimi niko tayari kuchangia sehemu yangu kidogo kidogo, kwa kuwa mkebe ulikuwa wangu, na natumaini ndugu mwenye ngumi hatakataa. La pili, stoo ifunguliwe kwa chama chetu siku moja kwa juma, baada ya michezo, mwalimu akiwapo.

Mashine mbili zimekwisha kuunganishwa, hata hiyo ya pili mwalimu aliimaliza nami kwa dakika kumi na mbili. Vipuri vya zile tatu bado vimo humo, na lile kasha lililo karibu na dirisha lina ukingo uliopinda upande wa kushoto, kwenye sloti ya tatu. Nimelichungulia kupitia kioo. Yeyote atakayeruhusiwa kulifungua kabla yangu, aunyooshe ukingo huo kwanza, kisha ndipo atie kadi.