Kufunga Kompyuta Si Kumtukana Rafiki



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya ulinzi wa kompyuta. Sisemi juu ya wezi wa mbali wapitao katika intaneti, maana hao husemwa kila siku. Nasema juu ya mkono wa mtu aliye karibu, awezaye kuketi katika kiti chako wakati umekwenda kula. Wazee hawakukosea waliposema, Kikulacho ki nguoni mwako.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Nilipokuwa chuoni tulikaa wawili chumba kimoja, mimi na rafiki niliyetoka naye katika shule hii hii. Kompyuta yangu haikuwa na neno la siri, nami niliona fahari kwamba kila apitaye aweza kuitumia. Jioni moja nilikwenda kuoga nikaiacha wazi mezani. Asubuhi mwalimu akaniita, akanionyesha barua ya matusi iliyotoka katika anwani yangu. Nilikana, lakini nani angeniamini? Nami nikamshuku mwenzangu, kwa kuwa sikumjua mwingine aliyekuwa karibu. Tukaishi muhula mzima pasipo kusemezana. Mwishowe kijana wa chumba cha tatu akakiri ya kuwa ni yeye, ati alifanya mzaha. Nilikwenda kumwomba mwenzangu radhi, naye akanisamehe. Lakini kamba iliyokatika hata ikiungwa huwa na fundo.

Tangu siku hiyo nashika neno moja: kufunga kompyuta si kumtukana rafiki, bali ni kumwondolea rafiki shaka. Kitu kilicho wazi kikiharibika, kila aliye karibu ni mshtakiwa.

Wengine watasema, "Yangu ina neno la siri, basi yatosha." Ndugu zangu, haitoshi. Neno la siri la kufungulia kompyuta hulinda mlango wa mbele tu. Mtu mwenye bisibisi na dakika chache aweza, katika kompyuta nyingi, kuitoa diski, akaifunga katika kompyuta nyingine, akasoma barua na picha zako zote bila kuulizwa neno lo lote. Mwingine huchomeka flashi yenye mfumo wake mwenyewe, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, akaupita mfumo wako kama mtu aliyeingia kwa dirisha. Lipo pia neno la siri la kuzuia kompyuta isiwake, nalo ni jema. Lakini katika kompyuta nyingi za mezani hufutika kwa kuondoa betri ndogo iliyomo ndani.

Dawa ya hayo ni kuiandika diski yote kwa fumbo, hata atakayeitoa aone takataka tupu. Kazi hiyo katika Windows hufanywa na BitLocker, katika kompyuta za Apple na FileVault, na katika Linux na LUKS. Lakini angalia: katika BitLocker utapewa ufunguo wa akiba, nao ni tarakimu nyingi. Uandike katika karatasi na kuuweka mahali pengine, wala si katika mfuko mmoja na kompyuta. Ukiupoteza, na neno la siri ukalisahau, hata wewe mwenyewe utabaki nje.

Mnamo Mei 1906 au 1956 mwizi aliyeiba daftari aliiba daftari moja tu. Mei 2006 huko Marekani, mwizi aliingia katika nyumba ya mtumishi mmoja wa wizara ya askari wastaafu, akachukua kompyuta ndogo na diski yake. Ndani yake mlikuwa na majina na tarehe za kuzaliwa za watu kama milioni 26.5, nayo hayakuandikwa kwa fumbo. Vyombo hivyo vilipatikana mwezi wa Juni, lakini kesi ziliendelea, na mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20. Mlango wa nyumba moja uliwatia hofu watu wengi hivyo!

Hata hivyo fumbo nalo lina mpaka wake. Oktoba 2013, katika maktaba moja ya San Francisco, askari wa upelelezi walimkamata Ross Ulbricht, aliyekuwa akiendesha soko haramu katika intaneti. Walijua ya kuwa akiifunga kompyuta yake hawataweza kuisoma. Basi wawili wakajifanya wanagombana nyuma yake. Alipogeuka kutazama, wakaichukua ikiwa wazi. Yeye alikuwa mhalifu, lakini funzo ni letu sote: kufuli lo lote halina kazi wakati mlango u wazi.

Kwa hiyo ukiinuka, hata kama ni kwenda kuchota maji, funga. Katika Windows ni kubonyeza vitufe viwili tu, kile cha Windows na herufi L. Tena iagize ijifunge yenyewe baada ya dakika chache, kwani binadamu husahau. Usiku au safarini izime kabisa, usiilaze tu. Maana mwaka 2008 wataalamu wa Princeton na wenzao walionyesha ya kuwa kumbukumbu ya kompyuta haifutiki mara umeme ukatikapo, na ufunguo wa fumbo waweza kuokotwa humo.

Usichomeke flashi uliyoiokota. Na ukitumia kompyuta ya watu wote, tazama nyuma yake: kuna vidude vidogo viwekwavyo kati ya kibao na kompyuta, vinavyoandika kila herufi uibonyezayo.

Mnyororo wa chuma nao wafaa. Kweli hukatwa, lakini mwizi mwenye haraka hupenda kisichofungwa. Andika namba ya kompyuta yako katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na nakala ya kazi zako iwe katika nyumba nyingine.

Najua kuna watakaosema, "Sisi ni ndugu, tumelala bweni moja, kufungiana ni ugeni." Nawajibu hivi: mgeni hukaribishwa barazani akapewa kiti na maji, lakini hapewi ufunguo wa sanduku. Rafiki akitaka kuazima kompyuta, mfungulie akaunti yake ya pembeni, afanye kazi yake kwa raha, asione yako nawe usione yake. Huo si uchoyo, ni heshima ya pande mbili. Nao wenye mzaha wajue ya kuwa Uganda ilitunga sheria mwaka 2011, ikafanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa. Mzaha si udhuru mbele ya hakimu.

Rai yangu kwa shule ni hii. Kila mwanafunzi apewe akaunti yake katika chumba cha kompyuta, kwani neno la siri lililoandikwa ubaoni si siri tena. Kompyuta zenye alama za mitihani ziandikwe kwa fumbo. Nasi wanafunzi wa zamani tuchange tununue minyororo. Bei yake si kubwa kuliko bei ya urafiki uliovunjika.

Wanafunzi wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta huo kati yangu na rafiki yangu, na mpaka leo tukikutana tunaanza kwa kusalimiana kwa adabu nyingi, kama watu wasiojuana sana. Fungeni, ili msishukiane.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani