Ghorofa Lipimwe, Lisipakwe Rangi Tu!

Tetemeko likipita, redio hukutangazia namba moja tu: ukubwa wake. Kagera, Septemba 10, 2016, namba ilikuwa 5.9, na watu wasiopungua 17 walikufa. Lakini namba hiyo inaeleza nguvu ya tetemeko kule lilikoanzia ardhini. Haisemi nyumba uliyolala ilitikiswa kiasi gani. Na kinachoua watu ni nyumba!

Tazama Mexico City, Septemba 19, 1985. Tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilometa 300 kutoka mjini, mbali kupita Dar es Salaam hadi Morogoro. Hata hivyo maelfu walikufa mjini. Kwa nini? Vyombo vya kupimia mtikisiko vilitoa jibu. Sehemu kubwa ya mji huo imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Hapo ardhi ilitikisika kwa nguvu inayozidi mara nne ile ya penye mwamba, ikienda na kurudi kila sekunde mbili. Majengo mengi ya ghorofa 6 hadi 15 yaliyumba kwa mwendo huo huo, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, yakaporomoka. Torre Latinoamericana, lenye ghorofa 44, likabaki limesimama.

Upimaji wenyewe si uchawi. Chombo kimoja huwekwa chini ya jengo, kingine juu kabisa. Tofauti yao huonyesha jengo linazidisha mtikisiko mara ngapi. Na jengo likianza kuyumba polepole kuliko zamani, limelegea ndani, hata kama rangi inang'aa.

Lakini kipimo bila uadilifu ni bure. Mexico ilikaza sheria za ujenzi baada ya 1985. Bado, Septemba 19, 2017, shule ya Enrique Rébsamen iliporomoka ikaua watu 26, wakiwamo watoto 19. Mwenye shule alikuwa ameongeza ghorofa kinyume cha sheria. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka 31. Watoto hawakurudi.

Wewe kijana unayebeba zege leo na kupanga chumba ghorofa ya tano kesho, suala hili ni lako. Kibali kikipitia chini ya meza, mkubwa analala kwake, mlalahoi ndiye analala ndani ya ghorofa. Tunadai udongo upimwe kabla ya msingi, maghorofa yafungwe vyombo, na majibu yabandikwe hadharani. Anayeficha vipimo, anaficha nini?