Mguu Uliovunjika Wembley

Ndugu msomaji, huenda mtaani kwako yupo mchezaji wa zamani aliyeshangiliwa na maelfu, na sasa hana hata nauli ya basi. Leo nakuletea habari za mmoja aliyeponea hapo hapo: Dave Whelan, aliyezaliwa Bradford, Uingereza, mwaka 1936, akakulia mji wa Wigan.

Tarehe 7 Mei, 1960, Whelan, mlinzi wa kushoto wa Blackburn Rovers, alicheza fainali ya Kombe la FA huko Wembley dhidi ya Wolverhampton Wanderers. Kabla ya mapumziko akavunjika mguu. Enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Wenzake wakabaki kumi, wakafungwa mabao 3 kwa bila. Alikuwa na umri wa miaka 23. Tena usidhani alikuwa na akiba nono: mshahara wa juu kabisa wa mchezaji ulikuwa pauni 20 kwa wiki, basi. Alimalizia uchezaji wake Crewe Alexandra, timu ndogo.

Akaweka meza sokoni Blackburn, akiuza sabuni na vikorokoro vya kuogea. Meza ikazaa duka, duka likazaa maduka ya vyakula, akayauza mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha kutokana na duka moja la michezo lililokuwapo Wigan, akajenga JJB Sports, kampuni iliyofikia mamia ya maduka.

Hapa tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilionekana na hatia ya kula njama na wenziwe kupanga bei za jezi, na waliolipia, bila shaka, ni wazazi. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alifungiwa wiki sita na chama cha kandanda kwa maneno ya kuwadhalilisha Wayahudi na Wachina.

Lakini fedha alizirudisha nyumbani. Mwaka 1995 aliinunua Wigan Athletic ikiwa daraja la chini kabisa. Miaka kumi baadaye ikaingia Ligi Kuu. Tarehe 11 Mei, 2013, mzee huyo aliitangulia timu kuingia Wembley kule kule. Ben Watson akaifunga Manchester City dakika za nyongeza, kombe likaenda Wigan. Siku tatu baadaye timu ikashuka daraja!

Mwaka huo huo kilifunguliwa mjini humo kituo cha vijana, Wigan Youth Zone, ambacho Whelan alikichangia fedha zake, ili watoto wapate mahali pa kwenda jioni wazazi wakiwa kazini.