Mtihani Umekwisha, Mpigie Simu

Mzazi mpendwa, mwanao anayesomea London akimaliza mtihani mwezi wa Juni, usidhani ni raha tupu. Wenzake wamerudi makwao, naye hana nauli ya kuja Nairobi. Jua huko hutua baada ya saa tatu usiku. Siku haiishi, na chumba ni kimya.

Nawe mwanafunzi, usijifungie. British Museum na National Gallery kuingia ni bure. Funga chapati zako, utembee hadi miguu ichoke.

Mzazi, mpigie saa tatu usiku. Kwake itakuwa saa moja jioni, kweupe bado. Habari za matokeo ziache kwanza. Muulize amekula nini, na leo amezungumza na nani.