NYUMBA PEKE YAKE SI MJI

Ndugu Wafanyakazi,

Sheria ya nyumba ya mwaka 2024 yakata shilingi 1.50 katika kila shilingi 100 za mshahara wetu. Mwenye kupata 20,000 hutoa 300 kila mwezi. Basi mitaa mipya inayopangwa kando ya miji yetu si sadaka ya mtu. Ni jasho letu, na tuna haki ya kuuliza.

Tazameni Dandora, Nairobi. Mwaka 1975 ulianza mpango wa viwanja 6,000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa mshahara mdogo wajijengee. Wengi waliopewa viwanja walijenga vyumba vya kupangisha. Kazi zilibaki Indastria na katikati ya jiji. Mfanyakazi akalipa kodi, kisha akalipa nauli. Jaa la taka za jiji likawekwa jirani naye.

Wako wasemao: jengeni nyumba kwanza, mengine yatafuata. Sisi twajibu: njaa haifuati baadaye, wala kiu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchora ramani hagombanii matatu alfajiri.

Hatukatai nyumba. Twadai maji, shule na mabasi kabla ya mpangaji wa kwanza kuhamia. Twadai mahali pa kazi ndani ya ramani. Twadai kuiona ramani hiyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Ndugu, liulizeni jambo hili katika kila tawi. Anayelipa asikilizwe.

Umoja ni nguvu.