Manjano ya kichanga hayasubiri jua litoke

Masika yakishika kasi, au baridi ya Juni ikitua Makete na Njombe, kuna kauli husikika sana kwenye nyumba zenye kichanga: "Macho yake yana unjano kidogo, tunasubiri jua litoke tumwanike." Jua lenyewe linaweza kukaa siku nne bila kuonekana. Kwa mtoto wa siku tatu, hizo ni nyingi mno.

Manjano ni jambo la kawaida. Takriban asilimia 60 ya watoto waliotimiza miezi huyapata wiki ya kwanza, na kwa njiti hufikia asilimia 80. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa rangi ya njano iitwayo bilirubini, na ini la kichanga bado halina nguvu ya kuiondoa upesi. (Hii siyo homa ya manjano, ile ya mbu.) Wengi hupona wenyewe. Ila bilirubini ikipanda sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au na ulemavu wa maisha.

Hali ya hewa huchangia kwa mlango wa nyuma. Wakati wa baridi mtoto hufunikwa gubigubi, madirisha yamefungwa, balbu hafifu. Nani ataona rangi? Mablanketi nayo hutolewa sandukuni yakinuka naftalini. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, naftalini huvunja damu na manjano hupanda ghafla. Joto la Dar es Salaam nalo lina mtego wake: bibi humpa maji ya glukosi, mtoto hushiba maji, hanyonyi, hapati choo. Bilirubini hutoka kwa choo.

Imani ya jua haikuzuka hewani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona njiti waliotolewa nje juani wakipungua unjano. Taa za bluu za hospitali zilitokana na hapo. Lakini chini ya taa mtoto hubaki na nepi tu, macho yamezibwa, mwanga una kipimo. Kumwotesha jua uso tu, mwili ukiwa ndani ya shali, hakufikii hapo, na jua kali humuunguza.

Mama amtazame mtoto kila siku karibu na dirisha, hata kukiwa na mawingu. Abonyeze pua au paji la uso kwa kidole aone rangi inayobaki. Kwa mwenye ngozi nyeusi, aangalie weupe wa macho, fizi na viganja. Amnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku.

Hospitali ni siku hiyohiyo iwapo unjano umeanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, umefika viganjani au nyayoni, au mtoto analala tu na kukataa ziwa, analia kwa sauti kali, anajikunja mgongo kinyumenyume. Ukipita wiki 2 apimwe, hasa choo kikiwa cheupe.

Mvua ikiwa inanyesha, abebwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, khanga na blanketi juu, na aendelee kunyonya njiani.